Upande wa Bwana Harusi

Picha iliyotangulia mbele ya jeneza la Gaspari niliitoa mimi, katika studio yangu ya Mwembesongo, asubuhi ambayo sikuwa nimekunywa hata chai. Devota alikuwa amenipigia simu, sauti imemkauka. "Wifi, nitafutie ile ya mlimani. Ile anacheka." Sikumuuliza ni ipi. Katika picha zote za harusi yao, ile ndiyo pekee inayomwonyesha Gaspari uso mzima. Kwenye nyingine utamwona kisogo, bega, sikio, au kivuli chake kilichoangukia gauni la mkewe. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilikuta, kama nilivyojua nitakuta, mkono wake wa kulia umenyooshwa mbele, mkubwa kuliko kichwa, kiganja wazi, vidole vimelowa maji. Picha ya jeneza haihitaji mkono. Nikaukata. Nikabakiza uso, mabega na ukungu wa nyuma yake, nikaitia kwenye fremu, nikafunga utepe mweusi pembeni.

Msibani niliketi chini ya turubai na watu wa mtaa. Jirani yangu, mama mmoja aliyepakata sahani ya wali na maharage, alikuwa akiitazama picha ile iliyosimamishwa mezani kati ya mishumaa. "Jamani, hapa marehemu alikuwa anamcheka nani? Maana cheko hilo si la bure," akamwambia mwenzake. "Anamcheka mkewe, unafikiri nani?" mwenzake akajibu, akaendelea kula. Nilinyanyuka nikaenda hadi mlango wa sebule. Devota alikuwa juu ya godoro, miguu ameinyoosha, amefungwa khanga kichwani, na wanawake wa ukoo wake wamemzunguka kama mafiga yanavyozunguka moto. Hapakuwa na nafasi ya kupenya hata mguu. Nikasimama pale nikauhisi wivu, ule ule wa zamani, ukiingia kama mtu anayerudi nyumbani kwake bila kupiga hodi. Nilimwonea wivu mtu aliyelala ndani ya sanduku. Yeye ndiye aliyekuwa akiliwa na macho ya Devota, na mimi, mwenye pumzi zangu, nilikuwa mlangoni.

Wivu huo ulianza mwaka tuliokaa chumba kimoja mtaa wa Mafiga, mimi na Devota, tukiwa wasichana wa umri wa kuchaguachagua. Kilikuwa chumba cha nyumba ya kupanga, yenye kuta zisizofika bati, hivyo kikohozi cha mpangaji wa mwisho kilikuwa cha wote. Tulikuwa na kitanda kimoja kipana, jiko la mkaa tulilolitoa uani wakati wa kupika, sanduku langu la kamera, na cherehani ya Devota iliyokaa dirishani kwa ajili ya mwanga. Kutoka dirisha hilo tuliiona Uluguru yote. Asubuhi ilikuwa ya kijani na karibu mno, ungeweza kuhesabu migomba. Ikifika saa sita mawingu yanaifunika mabega, kama mtu aliyeona watu wamemtazama vya kutosha. Devota alishona magauni ya harusi. Mimi nilipiga picha za harusi. Mara nyingi bibi harusi aliyelia juma zima mbele ya cherehani ile akidai kiuno kibanwe zaidi, ndiye niliyemkuta Jumamosi ukumbini, amebanwa kweli, hawezi kukaa. Tulirudi nyumbani tumechoka, tukavua viatu, tukaanza kuigiza: mwenyekiti wa kamati anayehutubia kama anagombea udiwani, mshereheshaji anayeamuru watu wafurahi, shangazi wa bwana harusi na shangazi wa bibi harusi wanaogombea nani aanze kuingia na zawadi. "Mimi nikiolewa," Devota alikuwa akisema, sindano mdomoni, "nitaolewa porini, na nyani."

Chakula chetu kilikuwa cha kawaida, ila siku akipika wali wa nazi aliuacha ushike chini kwa makusudi, akakwangua ukoko, akauweka kwenye kisahani cha bluu, akanisogezea. Ukoko ulikuwa wangu. Hatukuwahi kukubaliana, ulikuwa wangu tu, kama upande wa ukutani kitandani ulivyokuwa wangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kujenga maisha juu ya vitu vidogo namna hiyo mpaka nilipoviona vikihama kimoja kimoja.

Gaspari alikuja kupunguziwa suruali. Alifanya kazi kiwanda cha sukari, mbali na mji, akawa anashuka stendi ya Msamvu kila anapopata siku ya mapumziko, na hata akiwa ameoga alinukia miwa iliyopikwa. Alilelewa na masista misheni tangu akiwa kitoto kichanga, hakujua mama yake wala kabila lake. Wapangaji wenzetu walipomuuliza ni mtu wa wapi, ili wajue kama ni mtani wao, alijibu, "Mimi mtani wa wote, nitukaneni tu, atakayekosea nitamwambia." Ua mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba suruali moja haipunguzwi mara tatu. Baadaye pakawa na kikombe chake chumbani kwetu, cha bati, chenye ua jekundu. Kisha shati lake kwenye kamba yetu. Kisha Devota akaanza kusema "sisi", na nikawa nalazimika kusubiri sentensi iishe ndipo nijue kama nimo. Na jioni moja wali ukashika, ukoko ukakwanguliwa, kisahani cha bluu kikatoka kabatini, kikapita mbele yangu, kikaenda kwake. "Onja," akamwambia, "uone watoto wa mjini wanavyokula." Akala haraka, ameuzungushia mkono ule mwingine kisahani, kama mtu aliyekulia mahali ambapo ukichelewa unakosa. Nilimtazama mpaka punje ya mwisho. Mwaka ule sikumtazama mtu yeyote kama nilivyomtazama Gaspari. Mchumba hamtazami mchumba wake vile.

Kilichokuwa kinawakwamisha ni Mjomba Beda. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno, baba yake Devota mwenyewe alisema, "Kamwoneni Beda." Mjomba Beda alikuwa mkulima wa kabichi na karoti huko juu mlimani, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyeipandia juu. Hakukataa harusi. Alikwisha hata kuteua kamati na ukumbi. Alitaka jambo moja: watu wa Gaspari waje, wakae mkekani mkabala na ukoo, waongee. "Nileteeni hata mmoja," alisema. Wenzake wa kiwandani walijitolea kujifanya wajomba. Mjomba Beda akawauliza jina la bibi yao, wakatazamana. Akawapa chakula, akawasindikiza hadi njia panda, akawaambia wasirudi.

Nililisikia neno lililonihusu jioni hiyohiyo, kupitia juu ya ukuta. Nilikuwa nimelala na homa, wao wako uani wakimenya mihogo, kisu kinagonga beseni. Gaspari alisema, "Ukumbini upande wenu utajaa mpaka mlangoni. Upande wangu watakaa wapishi." Devota akasema basi wasiende ukumbini, waende mlimani, kwenye ardhi ya majani ya bibi yake, wasemezane wenyewe, kisha washuke bomani wakasaini. Kisha Gaspari akauliza, "Na Zai?" Mimi ndiye Zai, jina langu ni Zaituni. Kisu kikagonga beseni, kikagonga tena. "Zai ana kazi zake," Devota akasema. "Atazoea."

Nilitazama bati mpaka giza lilipoingia. Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa neno la mtu anayemwacha mtoto kwa jirani na kujua kwamba atalia kidogo kisha atanyamaza.

Aliponiambia kesho yake, na kuniomba niwapangie safari na kuwapiga picha, nilikubali kabla hajamaliza. Angeweza kudhani ni wema. Sikutaka mtu mwingine aiguse siku ile, basi. Kama nilikuwa natolewa, nilitaka mlango niufunge mwenyewe. Nikajua mambo ambayo hayakuwa kazi ya mpiga picha: nani ana mabuti ya mpira ya saizi yao, mifuko gani ya nailoni itakinga kamera, tangazo la ndoa limebandikwa lini bomani na msajili anatoka saa ngapi kwenda kula. Devota alishona gauni lake jioni, taratibu, kitambaa chepesi cheupe kilichoishia chini ya magoti ili aweze kupanda. Miili yetu ililingana, na kwa kuwa mshonaji hawezi kujipima mwenyewe, alilipimia kwangu. Nilisimama juu ya kigoda katikati ya chumba, yeye amepiga magoti, pini mdomoni, akinizungusha kwa vidole viwili kiunoni. "Usipumue." Sikupumua. Akarudi nyuma, akanitazama, macho yakajaa, na nikajua hanioni mimi. Alikuwa akijiona yeye. Nilivaa gauni lile mara nyingi kuliko mwenye gauni.

Kutafuta mahali tulikwenda wawili, mimi na Gaspari, kwa sababu Devota akionekana huko juu angesalimiwa na kila mlango. Tulipanda kimya. Njia ilipita kati ya migomba, ikafuata mfereji, ikavuka kijito chenye mawe yenye utelezi, kisha ikaingia kwenye mashamba ya maharage yaliyoshikiliwa mlimani kama kwa gundi. Nilitembea mbele makusudi ili asione ninavyohema. Juu ya shamba la mwisho kulikuwa na uwanda wa majani na mwamba mmoja mpana, na mji chini, mabati yake yanametameta kama maji yaliyomwagika. Nikamwambia asimame nipime mwanga. Akasimama. Nikamwambia ageuke, nimpige kisogo. Akageuka bila kuuliza. Baadaye tulikaa tukala mihogo ya kuchemsha niliyoibeba mimi, na yeye, akitazama mji, akasema, "Masista walikuwa wanatupanga mstari siku za wageni. Wageni wanachagua wa kuongea naye. Mimi nilikuwa nasimama pembeni karibu na mlango ili wasiponichagua niseme nilikuwa natoka." Akacheka. Kisha akanisogezea kipande cha mwisho cha muhogo. Nikakikataa. Akakivunja katikati, akala nusu yake, ile nusu yangu akaiweka juu ya mwamba kwenye jani, na tulipoondoka iliachwa pale. Nilimchukia zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote, maana alikuwa ameanza kuwa mtu.

Siku niliichagua mimi, na ndilo kosa ambalo Devota, kila tunapokaa, hachoki kunisimanga nalo. Nilichagua siku ya gulio la chini ya mlima. Nilifikiri: kijiji kizima kitakuwa kimeteremka kuuza, Mjomba Beda na kabichi zake wa kwanza, juu hakutabaki mtu wa kutuona. Devota naye akaafiki. Alikuwa ameishi mjini kiasi cha kusahau jambo ambalo alilibeba kichwani utoto wake wote: kijiji kinapoteremka sokoni, kinateremka kwa njia moja, na njia hiyo ndiyo sisi tulikuwa tunaipanda.

Tulikutana nao wa kwanza kabla hata jua halijatoka vizuri nyuma ya mlima. Wanawake, mstari mrefu, vikapu vya stroberi, mafungu ya liki, ndizi, wamejifunga khanga vifuani, miguu inashuka kwa mwendo ambao mtu wa bonde hauwezi. Gauni la Devota lilikuwa limefunikwa na koti langu, lakini pindo lilichungulia, jeupe, juu ya mabuti meusi. Wa mbele akasimama. Mstari wote ukasimama.

"Wenzenu tunashuka kuuza nyie mnapanda. Huko juu kuna bei gani leo?"

"Tunatembea tu, mama. Shikamoo," Devota akasema.

"Marahaba. Mnatembea na gauni jeupe chini ya koti?" Akamtazama vizuri usoni. "Wewe si mtoto wa Tekla?"

Devota akainamisha macho. Mama yule akatua kikapu, akamshika kidevu, akamwinua uso. "Ndiye. Mtoto wa Tekla huyu, anaolewa na mabuti." Mtu wa nyuma akapiga kigelegele, kikapokelewa na wa nyuma yake, kikapanda njia nzima kona hadi kona, mpaka nikasikia kinaitikiwa mahali ambapo hatujafika. Walituwekea stroberi kwenye majani ya mgomba. Walimuuliza Gaspari kama anajua kulima, akasema anajua kula, wakacheka, mmoja akasema afadhali amesema ukweli mapema. Mwingine alikuwa amekwisha kutoa simu kifuani na kupanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. "Beda," nilimsikia akisema, "kabichi ziache, una wageni."

Tungeweza kurudi. Hakuna aliyelisema. Devota alivua koti langu akanirudishia, akaendelea kupanda na gauni lake wazi. Mimi nilifuata nyuma nikimpiga picha yeye, mgongo wa Gaspari ukiniingilia kila mara kwenye fremu. Tulipofika kwenye kijito mvua ya usiku ilikuwa imekijaza. Devota alikuwa amezaliwa na mawe yale, akavuka kama anatembea chumbani. Gaspari akavuka, akateleza, akalowa mpaka kiwiko, akafika. Kisha akageuka. Mimi nilikuwa ng'ambo, kamera shingoni, najifanya ninatafuta pembe nzuri, kumbe naogopa. Akarudi hadi jiwe la katikati, akainama mbele, akanyoosha mkono. "Njoo," akasema, na alikuwa akicheka, sijui kwa kulowa, sijui kwa kuniona nimekwama. Mkono ulikuwa pale, karibu kabisa. Nikainua kamera nikabonyeza. Kisha nikapita pembeni yake peke yangu, majini, nikalowa hadi magotini.

Mjomba Beda, kumbe alikuwa bado hajateremka, alikuwa ameketi juu ya mwamba wetu. Kofia ameiweka gotini, fimbo ameilaza kando, shati la kazi lina udongo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na mji haukuonekana tena.

"Shikamoo, mjomba," Devota akasema.

"Marahaba. Umependeza." Kisha akatazama chini. "Hayo mabuti ni yako?"

"Nimeazima, mjomba."

"Unaolewa kwenye ardhi ya bibi yako na mabuti ya kuazima." Alitikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Nilikuambia nini?"

"Ulisema nikuletee watu wake."

"Nawaona? Au ukungu ndio umewaficha?"

Gaspari akasogea mbele. "Mjomba, sina watu. Sitakudanganya tena."

"Hilo nimelisikia." Sauti yake haikupanda. "Sasa nisikilize wewe kijana. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini siku mkikosana, huyu atakuja kwangu, na mimi nitakwenda kumwambia nani? Siku ukiugua nitampigia nani simu? Siku ukifa, nitasimama kaburini upande wetu, nitatazama upande wa pili nimwone nani? Nipe mmoja tu, na mimi leo kabichi zangu zioze. Kama hayupo, mtoto wa dada yangu nashuka naye."

Devota alikuwa mtu mzima. Angeweza kusaini bomani bila mjomba wake, sheria ingemruhusu. Lakini nililala naye kitanda kimoja, nilimjua: asingeishika kalamu huku Mjomba Beda amempa mgongo. Nilimwona mabega yakishuka ndani ya gauni nililolivaa mimi. Na nikaelewa, pale nilipokuwa nimesimama na maji yanachuruzika kwenye viatu, kwamba sihitaji kufanya kitu chochote. Ningenyamaza tu. Tungeshuka wote, angelia juma, angelia mwezi, kikombe cha ua jekundu kingekaa kabatini mpaka kishike kutu, na siku moja wali ungeshika chini. Ilikuwa karibu hivyo. Ningeweza kuionja.

Kisha nikaliwaza lile neno, atazoea, na likaniwasha. Sikutaka kuzoea. Nikamtazama Gaspari, amesimama pembeni kidogo, karibu na mahali njia inapoanza kushuka, kama mtu ambaye asipochaguliwa atasema alikuwa anatoka. Na hesabu nyingine ikapita kichwani, ya wivu mtupu, sitaipamba: rafiki huachwa mlangoni siku ya harusi, lakini wifi huingia ndani. Wifi hula pale. Wifi hupigiwa simu. Wifi hawezi kuachwa.

"Mimi," nikasema.

Mjomba Beda akanigeukia. "Wewe nani?"

"Mimi ni dada yake."

"Wewe si yule wa chumba kimoja na Devota?"

"Ndiyo, mjomba. Lakini leo nasimama upande huu."

"Unamjua huyu?"

"Simpendi," nikasema. Devota akashtuka. "Lakini namjua. Anakula haraka na anazungushia sahani mkono. Akivua shati analikunja kwanza, hata kama ni chafu. Akicheka sana ujue kuna kitu kimemuuma. Hasemi uongo ila akiulizwa kama ameshiba. Ukimpa mwanao amshike hatakurudishia mpaka umwombe. Akipewa kitu anakigawa, hata usipotaka nusu yako anakuwekea." Sikuwa nimejua kwamba ninayo yote hayo. Mwaka mzima nilikuwa nimemtazama nikitafuta kasoro, na macho hayachagui yanachookota. "Wakikosana njoo kwangu, nitamsema. Akiugua nipigie simu mimi. Na akifa nitasimama."

Mjomba Beda aliigeuza kofia yake gotini mara mbili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Dada asiyempenda kaka yake," akasema, akijifuta jicho. "Huyu ni dada kweli. Wale wa kiwandani wote walisema wanampenda." Akavaa kofia, akateremka kwenye mwamba, akaenda kusimama kando ya Devota. Akaninyooshea fimbo nikasimame kule mkabala, kando ya Gaspari.

Ndiyo maana picha za kiapo ziko vile. Watu huniuliza kwa nini mpiga picha niliyesifika namna hii nilimpoteza bwana harusi wangu wa kwanza wa mlimani. Nilikuwa upande wake. Mtu akisimama bega kwa bega na mtu, hamwoni uso. Anaona kile anachokiona yeye. Katika picha zile Devota amesimama kwenye ukungu mweupe, gauni jeupe, miguu haionekani kwa majani, machozi yamefika kidevuni, anatazama karibu kabisa na lenzi lakini si kwenye lenzi. Anatazama kidogo tu kulia kwangu. Nimezipiga picha za mabibi harusi wengi tangu siku ile. Sijawahi tena kuwa karibu hivyo na macho ya namna ile, na hayakuwa yangu. Kidole kilibonyeza na kubonyeza. Walisema maneno yao, machache, sauti zao ndogo, na alipomaliza kumjibu mumewe Devota akageuka kwangu akaniita, kwa mara ya kwanza, kama anajaribisha kiatu, "Wifi."

Bomani tulifika na matope hadi mapajani, na msajili alikuwa bado hajaenda kula. Kanisani walipita baadaye, kimya kimya, mtoto wa kwanza alipokaribia kubatizwa. Mimi nilibaki Mafiga na cherehani ikaondoka dirishani. Sikuzoea. Nilikwenda kwao kila sikukuu ya kwao na walikuja kwangu kila Idi, nikala ukoko kwenye sahani ya nyumba ya Gaspari, yeye akiugawa katikati, na miaka yote hiyo nilimtazama kwa jicho lile lile.

Mazikoni, baada ya padri kumaliza, Mjomba Beda aliomba asaidiwe kusimama. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri, analetwa na kuondolewa. Watu wakamsogezea kipaza sauti, akakisukuma. "Upande wetu tumesema," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Upande wa marehemu yuko wapi?" Akainua fimbo akaizungusha taratibu juu ya watu, hanioni, ananitafuta. Wanawake waliomzunguka Devota wakafungua njia. Nilipita katikati yao nikasimama ng'ambo ya kaburi, peke yangu, upande ule wote, na nikamtupia kaka yangu udongo wa kwanza. Devota alikuwa mkabala. Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama kidogo tu kulia kwangu, mahali palipokuwa patupu.

Jana, arobaini imepita, amekuja studio. Ameniletea stroberi kwenye jani. Ameomba ile picha nzima, kabla sijaikata. Nikaifungua kwenye kompyuta, akavuta kiti, akaangalia mkono ule kwa muda mrefu, vidole vilivyolowa, kiganja wazi. "Kumbe alikuwa anakupa mkono," akasema. "Miaka yote nilidhani ananicheka mimi." Akanigeukia. "Ulimshika?"

"Wakati wa kupanda, hapana."

Wakati wa kushuka tulikuta kijito kimejaa zaidi. Mjomba Beda na Devota walikuwa wamekwisha kuvuka. Gaspari alirudi hadi jiwe lile lile la katikati, akainama, akanyoosha mkono ule ule. "Dada," akasema, "kamera mrushie wifi yako." Nikamrushia Devota ng'ambo, kwenye mfuko wake wa nailoni, akaidaka. Alitaka kutupiga picha, akaiinua, akafumba jicho moja kama alivyoniona nikifanya, akabonyeza na kubonyeza, lakini ilikuwa imezimwa na hakujua kuiwasha. Kiganja cha Gaspari kilikuwa cha baridi, kina sugu za kazi, kilibana kuliko nilivyotarajia, na hakikuachia tulipofika ukingoni. Mkono huo haumo katika picha yoyote.